Wachezaji wa Malaba Walikuwa Wangapi?

Vijana wangu, mkinikuta sokoni Busia mnanisalimia vizuri, mnanibebea mfuko, halafu kabla hatujafika barabarani linakuja lile swali. "Mama Zuhura, huu mchezo una watu wangapi kweli? Mtandao mmoja unasema umejaa hadi pomoni, mwingine unasema umebaki mahame." Mnadhani kwa kuwa niliifanya kazi hiyo miaka mingi, jibu nimelifunga kwenye pindo la leso. Sikulifunga. Nilianza kazi nikijua mtu mmoja ni nini, nikastaafu nikiwa sina hakika. Niwaeleze ilivyokuwa, labda nyinyi mtapaona mahali nilipopotelea.

Kabla ya hapo nilikuwa na saiba, duka la kompyuta na mtandao, karibu na steji ya matatu. Watu walikuja kuandika barua za kuomba kazi, kuchapisha, kutafuta matokeo ya mtihani. Kisha simu zikawa na kila kitu ndani, nikabaki na viti na feni. Kilichoniokoa ni Kiswahili. Baba alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini, na nyumbani kwetu ukisema "shamba yangu" badala ya "shamba langu" ulikosa chai. Kampuni moja ya ng'ambo, yenye mchezo wa kwenye simu, ilitafuta mtu wa kuutafsiri na kuwaangalia wachezaji wanaoongea Kiswahili. Aliyenichukua ni Wairimu, dada wa Nairobi ambaye nilikuwa namzidi umri kwa mbali, lakini ndiye aliyekuwa mkubwa wangu mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe nitauita Bonde. Unapewa kipande cha ardhi ndani ya simu. Unapanda, unamwagilia, unafuga, unamtembelea jirani, unaongea naye uwanjani kwa maandishi. Usipofungua siku chache, mimea inakauka. Ukizidi kupotea, ng'ombe wanazurura, na mwisho ardhi yako inageuka msitu na kupewa mwingine. Ndivyo walivyowafunga watu wasitoke. Nilipoanza niliona ni mambo ya watoto. Baadaye nikaona watu wazima wakiamka kumwagilia sukuma wiki isiyolika.

Kazi yangu ilikuwa kufuta matusi, kujibu malalamiko, kutafsiri matangazo, na kila mwisho wa mwezi kumpa Wairimu makadirio ya wachezaji wa upande wetu. Niliharibu mapema. Tangazo la kwanza kabisa nililolitafsiri lilihusu wale wanaofungua mchezo mara kwa mara, nami nikaandika "wachezaji hai". Uwanja ukafurika. Mmoja akauliza, "Na waliokufa mnawaandika wapi?" Mwingine akaomba dua. Ilibidi Wairimu anipigie simu, na mwenyewe alikuwa anacheka mpaka sauti inakatika.

Huyo Wairimu ndiye aliyenifundisha. Aliniambia nifikirie soko. Kuna walio ndani ya soko dakika hii. Kuna waliopita leo toka asubuhi. Kuna waliowahi kukanyaga tangu soko lijengwe, wakiwemo waliohama na waliokuja mara moja kukimbia mvua. Kampuni ikitaka kujisifu, inataja hao wa mwisho. Mchezaji akitaka kulalamika kwamba mchezo umekufa, anataja wale wa dakika hii, tena asubuhi ya siku ya kazi.

"Na hizi tovuti za nje zinazotoa idadi?" nilimuuliza. "Zinaingiaje kwetu kuhesabu?"

"Haziingii," akasema. "Zinasimama nje ya ukuta, zinasikiliza kelele, halafu zinaandika idadi."

Nikaelewa. Kilichonisumbua ni kwamba sisi tuliokuwa ndani ya ukuta nasi hatukuwa tunaona vizuri. Chukueni nyumba yangu. Mnajua ilivyo karibu na mpaka. Simu yangu ikiwa sebuleni inashika mnara wa Kenya, nikienda nayo jikoni inashika wa Uganda. Kwenye hesabu ya kampuni nilikuwa nahama nchi kila nikienda kugeuza chapati. Sasa fikirieni mji mzima wa watu wanaovuka kununua vitunguu na kurudi. Kuna mwezi Wairimu aliniambia Busia imepoteza wachezaji na ng'ambo ya pili wameongezeka, wakubwa wanauliza kuna nini. Hakukuwa na kitu. Nadhani hakukuwa na kitu.

Au ile mara idadi ilipopanda ghafla upande wa Malaba. Tovuti moja ya nje ikaandika kwamba mabadiliko mapya ya mchezo yamependwa sana Afrika Mashariki. Wakubwa wakafurahi, wakatuma pongezi. Mimi nikauliza watu, nikaambiwa foleni ya malori imerefuka na madereva wamekaa ndani ya magari hawana la kufanya. Foleni ilipofunguka, wapenzi wa mabadiliko mapya wakapotea wote kwa pamoja. Nilimwandikia Wairimu kwamba mchezo haujapendwa wala haujachukiwa, ni barabara tu. Akanijibu, "Hiyo siwezi kuipeleka juu."

Basi hapo ndipo mnipe masikio.

Siku moja Wairimu alinipigia bila kunisalimia. "Zuhura, mfumo umekamata wachezaji bandia Malaba."

Akanieleza. Kulikuwa na kundi la akaunti zinazofunguliwa mahali pamoja, moja baada ya nyingine, kila siku. Zote zilikuwa na mwendo mmoja: inaingia, inamwagilia, inalisha, inavuna, inatoka. Hakuna salamu wala kutembelea jirani. Mtu hachezi hivyo. Hiyo ni programu iliyotengenezwa kuiga watu. Zilikuwa zimeshafungwa, na zilipofungwa, idadi ya Malaba ilianguka hata tovuti za nje zikaona, zikaandika kwamba Bonde linakufa. Sasa wakubwa walikuwa wanauliza swali jingine: je, huko mpakani kuliwahi kuwa na wachezaji, au miaka yote tulikuwa tunahesabu mashine? Kama ni mashine, hawaoni sababu ya kuendelea na Kiswahili.

"Kiswahili ni mimi," nikasema.

"Ndiyo, ni wewe. Nenda ukaangalie kwa macho yako."

Nikapitia Adungosi asubuhi yake, nikafika Malaba jua halijakomaa. Sikujua naanzia wapi. Ungeuliza vipi? Samahani ndugu, umeona mashine inayojifanya watu? Nikaenda kwenye yadi ya malori, mahali madereva hupumzika wakisubiri zamu ya kuvuka, kwa kuwa niliona wanaokaa na simu ni wao. Nikaagiza chai. Mkabala nami palikuwa na kibanda cha kuchajia simu, na mbele ya kibanda palikuwa na ugomvi.

Dereva mmoja mnene, fulana imelowa kifuani, alikuwa anampigia kelele mwanamke mwenye kibanda. Huyo dereva nilikuja kumjua baadaye kuwa ni Wafula, wa Nambale. Mwanamke alikuwa Asio, wa kabila la Wateso, mwenyeji wa hapo hapo, mwembamba, kitambaa kichwani, mikono ameikunja.

"Nilikuachia shamba yangu!" Wafula anasema. "Narudi toka Kampala, shamba hakuna. Iko wapi?"

"Sijui imeenda wapi," Asio anasema. "Nimeamka, nimekuta imefungwa."

"Shamba inafungwa? Umeuza!"

"Nauzia nani?"

"Na ng'ombe? Ng'ombe zangu zote?"

Watu walikusanyika. Mzee mmoja mwenye baiskeli akashuka, akauliza shamba lenyewe liko wapi, Chakol au Amagoro? Wafula akasema halipo Chakol. Mzee akauliza lina hati? Mwenye kuuza chai akaniegemea, akanong'ona kwamba hawa wanawake wa siku hizi hawaogopi, mtu anaacha ardhi ya mababu akienda safari inauzwa. Kijana wa boda boda akashauri waende kwa chifu. Nami, wanangu, nilikaa pale nikinywa chai yangu na kumhurumia yule dereva. Nilimwona amedhulumiwa. Nilikuwa nangoja wamalize ugomvi wa ardhi ndipo niulize habari za mchezo.

Ni mpaka Wafula aliposema, "Na sukuma wiki ilikuwa tayari kuvuna, ya rangi ya zambarau!" ndipo nilipoweka kikombe chini. Sukuma wiki ya zambarau iko Bonde tu. Hupewi mpaka ucheze muda mrefu.

Nikainuka, nikajitambulisha. Niliposema mimi ndiye Mama Zuhura wa uwanjani, Wafula akanigeukia. Alinijua. Niliwahi kumfungia wiki nzima kwa tusi alilomtukana jirani aliyemwibia maembe.

"Madam," akasema, sauti imeshuka, "kumbe wewe ni mtu."

"Ni mtu."

"Sisi tulifikiri wewe ni kompyuta."

Asio alinipisha benchi. Kibandani mwake kulikuwa na ubao mrefu wenye waya nyingi, na simu zimepangwa, kila moja imebandikwa plasta ya hospitali yenye jina. Wafula. Kato. Simba wa Webuye. Baba Twins. Nikayatambua yale majina. Ndiyo yaliyokuwa kwenye orodha ya bandia.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni jinsi ya kukamua. Ilianza na Kato, dereva wa Uganda. Alikuwa anaenda Juba, na njiani mtandao ni wa kubahatisha. Akamwachia simu yake ya zamani, akamwambia, "Nyabo, mama, nimwagilie tu, nikirudi nitakuletea matoke." Akarudi, akakuta mimea iko, akaleta matoke. Mwenzake akaona, naye akaacha. Wengine hawakuwa na simu ya pili, wakamwachia namba ya siri, akawa anafungulia kwa simu yake mwenyewe. Asubuhi akishafagia kibanda, kabla wateja wa chaji hawajajaa, anazipitia zote.

"Ni kama mtu anaachia jirani ng'ombe akienda matanga," akasema. "Utakataa?"

"Na mbona huongei na watu huko uwanjani?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Niongee nini? Shamba si yangu."

Hapo nikatoa simu kumpigia Wairimu, nikiwa na furaha. Nimeshajua! Lakini nilipoanza kueleza, maneno yakanigeuka mdomoni.

"Kwa hivyo ni programu?" Wairimu akauliza.

"Hapana, ni mtu."

"Mtu mmoja?"

"Mtu mmoja."

"Basi zile akaunti nyingine zote ni za uongo."

"Hapana, zina wenyewe."

"Wenyewe wanacheza?"

"Wanacheza wakirudi."

"Na wasiporudi?"

Nikamgeukia Asio. Nikaanza kumuuliza jina kwa jina, nikidhani nitaweza kuwapanga. Wafula ni mchezaji, hapo hakuna shaka, yuko mbele yangu na hasira zake. Kato ni mchezaji, ila mara nyingi yuko Juba. Baba Twins hufungua yeye, lakini akiwa safarini hufungua mkewe aliye Nambale, na mke ndiye hodari zaidi. Hilo alilisema Wafula pale pale; hata Asio hakujua, alikuwa anakuta mimea imeshamwagiliwa akidhani ni mvua ya ndani ya mchezo. Simba wa Webuye ana mashamba mawili, la pili alilishinda kwa mtu waliyewekeana dau la mpira, na huyo mtu aliendelea kuingia kwa siri kuangalia mbuzi wake.

"Na huyu Okiru?" nikauliza. Simu yake ilikuwa mwisho wa ubao, kioo kimepasuka.

Asio akaichukua, akaipangusa vumbi kwa kitambaa. "Huyo aliacha gari. Alirudi kwao Chakol kulima. Alisema mchezo amechoka, hata simu hataki."

"Sasa kwa nini bado unamwagilia?"

"Ng'ombe bado wapo," akasema. "Niwaache wafe?"

Nikamwambia si ng'ombe, ni picha. Akasema anajua ni picha. Akairudisha simu kwenye waya.

Kwenye simu Wairimu alikuwa bado anangoja. "Zuhura? Ni wangapi?"

Wanangu, nilikuwa nimekaa katikati ya simu zao, majina nayaona kwa macho, tena kazi hiyo nimeifanya miaka, na hesabu haikukaa. Nilimwambia nitampigia.

Wakati huo mwenye yadi alishafika. Hakupenda kelele zile. Alimwambia Asio waziwazi kwamba kama madereva wanaanza kudaiana mashamba pale, atampa nafasi ile mwuza chipsi. Wafula naye hakulegea. Aliniambia kwa heshima, lakini hakulegea: shamba lisiporudi kufikia Jumapili atakapovuka tena, atawaambia madereva wote wa barabara ile wasimwachie Asio hata simu ya kuchaji. Nilimwona Asio anazibana zile plasta zilizoanza kubanduka, moja baada ya nyingine, kwa kidole gumba.

Wairimu alihangaika na wakubwa. Sijui aliwaambia nini, kwa kuwa mimi mwenyewe sikumpa kitu kinachoeleweka. Alirudi na sharti. Jumapili mchana, kwa muda wa saa moja, akaunti zile zitafunguliwa. Kila mwenye shamba aingie mwenyewe, kwa simu iliyo mkononi mwake, popote alipo, na aandike neno uwanjani. Atakayeonekana atarudishiwa shamba lake moja kwa moja. Asiyeonekana, shamba lake litafutwa. Na Asio asiguse simu hata moja.

Siku zilizobaki tulifanya kazi ya kutuma habari. Asio alipiga simu kwa aliokuwa na namba zao. Madereva waliokuwa wanaelekea Eldoret na Nairobi waliambiwa wapitishe ujumbe, walioelekea Kampala vilevile. Kila mwenye mali alirudishiwa simu yake au kutumiwa namba yake ya siri. Ya Okiru tulimpelekea kwa mtu wa boda anayejua kwao. Mtu huyo alirudi akasema amemkuta anapalilia mihogo, ameipokea simu, ameiweka kwenye mfuko wa koti, na koti ameliangika kwenye ua.

Jumapili nilifika na kompyuta yangu watu wanatoka misa. Foleni ilikuwa imesimama na yadi imejaa. Niliketi kibandani kwa Asio, kompyuta mapajani, nafasi zote za ubao wake zikiwa tupu, na simu za walio mbali, kama ya Kato, zimefungiwa sandukuni. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mikono yake haikujua ikae wapi, akaikalia.

Saa ilipoanza hakuonekana mtu. Kumbe madereva wote waliokuwa yadini walijaribu kuingia kwa dakika moja na mtandao ukalemewa. Kisha nikaona jina la Wafula, akiwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, na neno lake la kwanza uwanjani lilikuwa, "Nimefika." Akafuata Simba wa Webuye. Mke wa Baba Twins akaandika toka Nambale, na dakika chache baadaye Baba Twins mwenyewe naye akaingia toka Eldoret kwa shamba lile lile, wakawa wanatoana uwanjani, kila mmoja akiuliza ni nani huyo mwizi.

Kwa Kato tulikata tamaa. Mwisho akatokea, maneno yanakuja kwa vipande: "Niko Elegu mpakani, mtandao unakuja unaenda. Asio yupo?"

Nikamsomea Asio. Akacheka, halafu akafunika mdomo kwa mkono. "Mwambie nipo."

Halafu kikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Majina yakaanza kuingia ambayo hayakuwa kwenye orodha kabisa. Mtu wa Busia. Mtu wa Adungosi. Watu wa Tororo. Walisikia kuna jambo linaendelea Bonde wakaja kutazama, wakasimama kandokando ya mashamba ya wenzao wakiuliza nani amekufa. Wengine niliwaona kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kazi, wana mashamba makubwa yenye miti mikongwe, na hawajawahi kuandika hata salamu. Walikuwepo siku zote. Sikuwa nimemweka hata mmoja katika makadirio yangu.

Okiru hakuingia. Asio alikuwa ameinama juu ya kompyuta yangu, anaangalia ng'ombe wa Okiru wamesimama kwenye nyasi.

"Niingie tu kidogo kwa yake?" akauliza. "Namba naijua."

"Wataona, Asio. Watafunga zote."

Akarudi akakalia mikono yake. Saa ilipokwisha, ua likatoweka, kisha nyasi, kisha ng'ombe, halafu mahali pale pakaota msitu kana kwamba hapakuwahi kukaa mtu. Asio alitazama kando, upande wa lango. Sikumwambia tena kwamba ni picha.

Wafula alikuja na simu yake mkononi. Shamba lilikuwa limerudi, lakini halikuwa limemwagiliwa tangu siku ya kufungwa. Kila kitu kilikuwa kimekauka, na ile sukuma wiki ya zambarau imekuwa kahawia. Watu waliokuwa karibu wakasogea kutazama, na mwenye yadi naye alikuwa amesimama pale. Wafula aliangalia shamba, akamwangalia Asio, akajikuna shingo.

"Hii nafanya namna gani?" akauliza. "Mimi kufufua sijui."

"Unaanza na kisima," Asio akasema. "Lete."

Akamkabidhi simu mbele ya watu wote. Mwenye yadi akaondoka, na mwuza chipsi, aliyekuwa tangu asubuhi akipima ile nafasi kwa miguu, sikumwona tena.

Wairimu akapiga. Sauti yake ilikuwa juu. Wakubwa wamekubali kwamba ni watu. Kibanda kimeandikwa kuwa mahali halali, mradi wenye mashamba wawe wanajitokeza wenyewe mara moja moja. Kiswahili kinabaki. Tena kuna tovuti ya nje imeshaandika kwamba Bonde limefufuka Afrika Mashariki, eti watu hawajawahi kuwa wengi hivyo.

"Lakini walikuja kushangaa tu," nikasema.

"Najua. Nipe idadi moja, Zuhura. Yako. Na huyo Asio umemhesabu? Akaunti yake ni ipi, nimwekee alama asisumbuliwe?"

Nikamuuliza Asio akaunti yake ni ipi. Hakuelewa swali. Nikamuuliza tena: shamba lako wewe, linaitwaje?

"Sina."

"Hujawahi kufungua la kwako?"

"La nini?" akasema. "Mimi sichezi."

Nje, mtu akapiga kelele kwamba lango limefunguliwa, foleni inasogea. Injini zikawaka. Madereva wakaja mbio kibandani mmoja mmoja, wanaweka simu ubaoni mbele ya Asio, wengine bado wana mkate mdomoni, "Boss lady, kuku wangu usisahau," "Mahindi ni kesho kuvuna," kisha wanakimbilia magari. Malori yakajipanga, yakavuka. Yadi ikabaki vumbi na mafuta yaliyomwagika, na mbwa mmoja.

Wairimu alikuwa bado kwenye laini. Nikaamua nimuulize anayekaa pale kila siku. "Asio, wewe ungesema wachezaji wa Malaba ni wangapi?"

Akainua kichwa, akatazama yadi toka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Saa hii?" akasema. "Saa hii hakuna mtu."

Akairudisha simu ya Kato ubaoni, akachukua ya kwanza, akaanza kumwagilia, na kwenye kompyuta mapajani mwangu majina yakaanza kuwaka moja baada ya jingine: Wafula yuko mtandaoni, Simba yuko mtandaoni, Kato yuko mtandaoni.